Kopo la Mia Tano

Dukani kwa Prydderch, nyuma ya mabuti ya mpira
na chambo cha samaki aina ya trauti,
yapo makopo matatu rafuni.
La Kijerumani, jekundu, bei yake
ni nyama ya Jumapili na viazi vyake.
La pili halina jina, lina picha ya mwewe.
La tatu limebonyea ubavuni; Prydderch
amelibandika karatasi ya manjano: punguzo.

"Unawinda siku hizi, Mererid?"
Siwindi. Hata panya wa bandani tunaheshimiana.
Nalenga vifuniko vya makopo ya biskuti
kwenye kamba ya kuanikia,
hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni,
nyuma yake gunia la mchanga na zulia kuukuu,
maana risasi ikigonga ukuta wa jiwe hurudi
kumdai jicho aliyeituma.

Akanifungia kumi kumi, karatasi tatu, nikajaribu.

Miaka thelathini na moja posta ya Bethesda
nilipima barua za watu kwa gramu.
Sikuona haya kuzipima na hizi.
Kisha nikazibingirisha juu ya kioo
alichonyolea marehemu, mwenye bunduki.
Za Kijerumani zilishuka pamoja, kwaya iliyofanya mazoezi.
Zenye mwewe, mbili zilikata kona.
Za kopo lililobonyea, tatu
sketi zimejikunja, kama waliotoka harusini wamechelewa.
Lakini vichwa vyake ni bapa,
na kichwa bapa hukata kadi duara safi,
kama koleo la konda wa treni.

Nikapiga kumi za ghali.
Mashimo yakatawanyika upana wa kisahani.
Nikapiga kumi za rahisi.
Kisahani kilekile.

Idwal, jirani, aliyepasua vigae vya mlima huu
mpaka mlima ukahamia mapafuni mwake,
akainua kadi zote mbili kwenye mwanga,
akakohoa, akangoja, akamaliza kukohoa:
"Kopo halina kosa, Mererid.
Kinachotikisika ni sisi."

Wasemao rahisi huvunja upishi
hawajawahi kupika kwa pensheni.

Ila kuna kopo la mia mbili
na kopo la mia tano,
na kwa kila moja, la mia tano ni nafuu.
Hapo nilisimama mbele ya Prydderch nikipiga hesabu:
kumi zangu, kumi zake, kila Jumamosi isiyo na mvua
(na huku mvua ndiyo mwenye nyumba, sisi wapangaji)
mia tano ni Jumamosi ishirini na tano,
yaani mwaka huu wote
na kipande cha mwaka ujao.

Jumanne Idwal alikwenda hospitali ya Bangor.
Nilipomuuliza walimwambia nini
alinieleza kwa kirefu
jinsi maegesho ya pale yalivyo ghali.

Nikachukua la mia tano.

Alilitikisa sikioni, kama mtu anayechagua nazi
asiyewahi kuiona nazi.
"Nyingi hizi."
"Zilikuwa na punguzo," nikasema.
Akaniangalia kitambo. Akakifungua kifuniko.

Alasiri yote tulichambua juu ya gazeti,
nzima huku, za sketi zilizopinda kule,
redio ikisoma hali ya hewa ya pwani ambazo hatuendi.
Tuliponyanyuka vidole vyetu vilikuwa kijivu.
"Nawa," nikamwambia, "kwa sabuni, mpaka kiwikoni.
Risasi ni sumu hata ikiwa haijarushwa."
Akacheka. Aliyemeza jiwe maisha yake yote,
nikamwashia maji ya moto.

Zilizopinda ni sitini na mbili.
Hatukuzitupa.
Ziko katika kikombe kisicho na mkono, dirishani,
za siku zenye upepo,
tutakapokuwa na wa kumsingizia.